Uzi maalumu: ndege na wadudu wa ziwani alfajiri za mwanzo wa kiangazi (Mwanza na kwingineko)

Mjukuu wa Mvuvi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo zenu. Nimetoka ziwani saivi, viatu bado vina umande, chai ya tangawizi ipo mkononi, na nimeona nisipoandika leo sitaandika tena.

Masika yameisha, kiangazi ndo kimeingia, na sisi tunaokaa kando ya ziwa hizi asubuhi za Juni ndo zenyewe. Anga safi, maji yametulia kama mafuta kwenye sahani, maana usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani kwa hiyo ufukweni hamna wimbi, mpaka kwenye saa nne hivi upepo unageuka unaanza kupiga toka ziwani na hapo tena kuona kitu kwenye matete ni shughuli. Kwa hiyo mimi saa kumi na moja na nusu nishatoka nyumbani, saa kumi na mbili nipo kwenye jiwe langu upande wa Luchelele ukishapita Malimbe, jua la hapa kwetu linachomoza karibu saa moja kasoro, na kabla halijatoka mambo mengi yanakuwa yameshaanza.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa natazama ndege tu. Natembea ufukwe mzima, naandika majina kwenye kaunta buku, furukombe mmoja, yangeyange sita, mnandi kumi na kitu, narudi nyumbani. Daftari linajaa lakini sielewi kwa nini leo mbayuwayu wamejaa pale mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na kesho hayupo hata mmoja. Nilikuja kuelewa siku nilipoacha kutembea, nikakaa sehemu moja nikaanza kuangalia wadudu. Toka siku hiyo ndege wakaanza kueleweka. Ukitaka kumjua ndege wa ziwa anza na chakula chake, na chakula kikubwa cha hili ziwa ni vile vidudu ambavyo kina mama wanavifagia barazani kila mwezi wakidhani ni uchafu.

Leo mwezi una siku ya nne toka uandame. Nimefika nikakuta kwenye maji kwa mbali kama moshi umesimama, nguzo tatu nne nyeusi zinapanda juu zinayumba. Mgeni angesema kuna mtumbwi unaungua. Ni wadudu wale, mamilioni. Jiwe langu lote lilikuwa na utando wa buibui kutoka ufa huu hadi ufa ule, na utando umelemewa na vidudu mpaka umeshuka kama chandarua chenye mvua, buibui mwenyewe amekaa pembeni hata hali, ameshiba. Ile mijusi ya mawe yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu ilikuwa bado imelala maana jua halijapiga. Af wakaja mbayuwayu, kwanza wawili, baadae hesabu ikanishinda, wanakata katikati ya ule moshi mdomo wazi.

Tushirikishane humu. Uko ziwa gani, bwawa gani, umeona nini leo asubuhi? Hata kama ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, weka.

---

Mama Duka Igombe

Kaka asante kwa uzi. Mimi nina duka huku Igombe na hivyo vidudu navijua vizuri, asubuhi nazoa ndoo nzima chini ya taa ya nje. Naomba kuuliza, vinang'ata? Mwanangu ana miaka tisa anaviogopa sana anasema vinaleta malaria.

---

Mjukuu wa Mvuvi

Dada yangu havina shida, mwambie mtoto asiogope. Havifanani tabia na mbu hata kidogo ijapokuwa kwa umbo ni ndugu. Hivi vikishatoka majini havina kazi ya kunyonya damu wala karibu havili kabisa, vinatafutana, vinataga, vinakufa, yani maisha ya hewani ni siku chache tu. Maisha yake marefu ni chini kwenye tope la ziwa vikiwa viluwiluwi. Wale wa jamii moja viluwiluwi vyao ni kama kioo, unaona hadi ndani, mchana vinakaa chini kabisa na usiku vinapanda juu kula, na dagaa nae anavisubiri hukohuko juu. Kinachosumbua ni kwa mwenye pumu tu, akivuta hewa yenye vidudu wengi hivyo anaweza kubanwa, kwa hiyo siku za wingu kubwa mfungie dirisha na zima taa ya nje mapema.

Na jambo la mwezi sio hadithi ya vijiweni. Wengi wao wanatoka siku chache baada ya mwezi kuandama, watafiti waliliandika hilo toka miaka ya 1950 hapahapa Victoria. Babu yangu alilijua bila kusoma. Na kuna mwingine, mkubwa kidogo, mabawa meupe, yeye anatoka kama siku mbili baada ya mwezi mpevu, jua likishazama, anaishi saa moja mbili basi kafa. Huyo mtoto wake anatoboa mbao iliyo majini anajificha mle ndani. Fundi mitumbwi yeyote wa hapa ukimwonesha ubao wenye vitundu vidogovidogo kama vya kalamu atakwambia.

---

Mtu wa Nyasa

Sisi huku Kyela tunawaita kungu. Ukisimama ufukweni Matema unaona mawingu yao katikati ya ziwa Nyasa kama mvua inakuja, marefu kweli. Wenzetu upande wa Malawi wanawakamata kwa makapu, wanawaponda wanatengeneza mkate wa kungu na hata huku wazee wanaujua. Ni protini tupu. Nashukuru leo nimejua kumbe Victoria nako wapo wa jamii hiyohiyo.

---

Kanga wa Kaskazini

Mkuu uzi mzuri ila naomba nitofautiane kidogo. Juni sio msimu. Ndege wa Ulaya na Asia washaondoka toka Machi na Aprili, ukitaka orodha ndefu subiri Novemba. Mimi darubini yangu naiweka kabatini miezi hii.

---

Mjukuu wa Mvuvi

Mkuu Kanga nakuheshimu na orodha zako nazifuatilia, lakini hapa naomba nikukatalie kwa nguvu zote. Itoe kabatini kesho asubuhi. Miezi hii ndo ya wenyeji. Novemba mtu mpya anakuja ufukweni anakuta vindege arobaini vya rangi ya udongo vinavyofanana, anachanganyikiwa anaacha. Juni waliobaki ni wetu, wachache wa kujifunza, na wapo kwenye shughuli zao, wanajenga, wanalea, wanagombana mipaka.

Nikupe mfano wa mmoja tu. Mdiria, yule mweusi na mweupe, kila mtu wa kanda ya ziwa anamfahamu maana anakaa kwenye waya wa umeme, kwenye mtumbwi, kwenye boya, popote. Ukimtazama kifuani, dume ana mistari miwili myeusi, jike ana mmoja na huo mmoja umekatika katikati. Huhitaji darubini kwa hilo, macho tu. Anasimama hewani juu ya maji sehemu moja anapiga mabawa, kichwa hakitikisiki hata kidogo, mwili wote unahangaika ila kichwa kimetulia kama kimegongwa msumari, halafu tup! kaingia majini. Na akikamata kadogo anameza palepale hewani bila kurudi kwenye tawi, ndo maana unamkuta mbali sana na nchi kavu ambako mdiria wengine hawafiki.

Sasa sikiliza alichopitia huyu ndege. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, miaka ya 1980 akazaana kupita kiasi na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakapotea maeneo mengi. Babu yangu alikuwa mvuvi wa furu na ngege, aliona kwa macho yake nyavu zinabadilika ndani ya miaka michache. Furu ndo alikuwa chakula cha mdiria. Watafiti waliokuwepo Ghuba ya Mwanza wakati ule wakaangalia vidonge vya mifupa anavyotema, wakakuta mifupa ya furu inapungua na ya dagaa inaongezeka mpaka akawa anakula dagaa karibu peke yake. Na dagaa ni mdogo kwa hiyo ilibidi avue wengi zaidi kwa siku kulishibisha tumbo lilelile. Babu nae alihamia dagaa. Mimi nikimwona mdiria asubuhi amekaa kwenye mdomo wa mtumbwi wa dagaa uliotoka kazini, taa za sola bado zimening'inia, namwona kama mtu wa ukoo.

Ndege kama huyo utamwacha kwa sababu hayumo kwenye wageni?

---

Jaduong Dunga

Salamu kutoka Kisumu wandugu. Hapo kwa mdiria umenigusa, wacha niongeze. Kuna mtafiti anaitwa Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia hawa ndege hapa Kenya, wengine hapa Victoria na wengine Naivasha. Aliona wanachimba mashimo kwa kingo za udongo wanaishi kama kijiji, na baba na mama hawalei peke yao, kuna vijana wa kiume wanasaidia kuleta samaki. Wengine ni watoto wao wa mwaka uliopita, wengine hata si jamaa, wamekuja tu kusaidia. Na akaona hapa Victoria, ambapo kuvua ni kugumu kuliko Naivasha, wazazi wanawakubali sana hawa wageni, lakini kule Naivasha wanawafukuza. Mimi niliposikia hiyo nikaenda nikakaa karibu na kingo moja hapa kwetu asubuhi tatu mfululizo. Shimo moja, ndege watatu wanaingia na samaki. Watatu! Tangu hapo siwezi kupita hapo haraka.

---

Mama Duka Igombe

Hapo pa mistari kifuani nimependa. Jumamosi nataka nimpeleke mwanangu. Tuje na nini na tuwe makini na nini? Darubini hatuna.

---

Mjukuu wa Mvuvi

Dada karibuni sana. Darubini sio lazima mwanzoni, mimi mwaka wa kwanza sikuwa nayo. Nguo zisizong'aa, sweta maana alfajiri kuna baridi, daftari na penseli, basi.

Ila usalama naomba unisikilize kama kaka yako. Moja msikanyage maji kwenye matete na magugu, pale konokono wanakuwepo na kichocho kipo, kaeni juu ya jiwe au mchanga mkavu. Na kabla hamjakaa ulizeni wavuvi wa mwalo huo, wao wanajua mamba ameonekana wapi wiki hii na kiboko anatokea wapi kurudi majini, maana kiboko anarudi alfajiri hiyohiyo mnayokwenda nyie. Wakisema sio hapa, msibishane nao, hamieni pengine. Mtoto asikae mbele yako upande wa maji.

Na wadudu, hapo ndo mtoto atafurahi kuliko ndege. Kereng'ende alfajiri hawezi kuruka, mwili wake umepoa mpaka jua limpashe. Kwa hiyo unaweza kumsogelea hadi pua inakaribia. Leo nimemkuta mmoja kwenye tete, mwekundu, ameshika kwa miguu sita, umande umemfunika wote, kila jicho lina vitone vidogovidogo vimepangana kama shanga na ndani ya kila kitone unaona anga imegeuka. Nilimtazama kama dakika ishirini. Jua lilipomfikia akaanza kutetemesha mabawa, vitone vikaanguka kimoja kimoja, af ghafla hayupo. Chini yake kwenye tete lilelile kulikuwa na ganda tupu la rangi ya majani makavu, limepasuka mgongoni, bado limeng'ang'ania. Hilo ndo vazi alilotokea majini mmoja wao. Mwambie mtoto atafute hayo maganda, hayakimbii, na akikusanya matano sita ataanza kuona hayafanani. Akiona kereng'ende mwembamba kama sindano anayekunja mabawa mgongoni akitua, huyo ni wa jamii nyingine, yule mnene anayaacha wazi kama ndege ya abiria.

Na pale kwenye magugu maji angalieni yule ndege wa kahawia mwenye vidole virefu mno anayetembea juu ya majani bila kuzama. Kwao baba ndo anayelalia mayai na kulea. Hatari ikitokea anawabeba vifaranga chini ya mabawa, unaona ndege mmoja anakimbia huku miguu kibao inaning'inia ubavuni. Nimeona mara moja tu katika maisha yangu.

---

Mtanga wa Raskazone

Mkuu kwa kereng'ende naomba niingie, maana sisi watu wa pwani tunao wetu. Wakati wa vuli wanatokea makundi makubwa ya rangi ya dhahabu, leo hamna kesho wamejaa uwanja mzima. Kuna mtaalamu aliyekuwa anaishi visiwa vya Maldives, Charles Anderson, mwaka 2009 aliandika kwamba hao wanatoka India wanapita Maldives wanavuka bahari ya Hindi kuja Afrika Mashariki, wanabebwa na upepo uleule wa kaskazi. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi. Niliposoma hiyo habari nilikaa kimya nikamkumbuka, kwamba upepo aliokuwa anausubiri yeye kuna kidudu cha urefu wa kidole kinausubiri pia.

---

Binti Sengerema UK

Wapendwa nawasoma kutoka Uingereza, nipo karibu na Leicester. Huku nako ndo kiangazi kinaanza ila jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kabla ya zamu yangu kazini napita kwenye kiziwa cha hapa mtaani nakaa nusu saa. Na mbayuwayu wapo! Wale wenye mkia wa uma na koo jekundu, wanalea sasa hivi kwenye mabanda ya farasi, kila dakika mbili wanaingia na mdomo umejaa wadudu. Ni aina ileile tunayoiona nyumbani kuanzia Oktoba hivi, ijapokuwa hawa wa Uingereza wengi wanashuka mpaka Afrika Kusini. Nikiwa mdogo Sengerema nilikuwa najua wanapotelea ziwani. Sasa nipo huku walikopotelea. Mwaka wa kwanza nilipowaona hapa nililia, nasema ukweli. Endeleeni kuandika jamani.

---

Mjukuu wa Mvuvi

Binti Sengerema asante sana dada, ubarikiwe. Wakifika Oktoba nitakuandikia humu siku na saa.

Wakuu kuna jambo moja nilisita kuliweka ila naliweka. Wiki iliyopita nilimkuta mnandi kwenye mawe, bawa moja limezungushiwa kipande cha timba, zile nyavu za uzi wa plastiki usioonekana ambazo zimepigwa marufuku na bado zipo. Alikuwa amejaribu kujivuta mpaka uzi umeingia kwenye nyama. Kijana mmoja mvuvi akaja na kisu, mimi nikamfunika kichwa kwa sweta ili atulie, yule kijana akakata uzi mmoja mmoja taratibu kama robo saa nzima, hakuwa na haraka hata kidogo ijapokuwa dagaa wake walikuwa wanasubiri kuanikwa. Tulipomwachia alikaa juu ya jiwe akafungua mabawa yote mawili kwenye jua kama wanavyofanyaga, damu inaonekana. Asubuhi ya pili sikumwona na sijui alikwenda wapi. Naomba kila anayekwenda ufukweni abebe kamfuko, ukiona kipande cha uzi wa timba kichukue, usikiache. Mimi mwezi huu nina mfuko wa kilo mbili umejaa.

---

Kanga wa Kaskazini

Mkuu nimeitoa kabatini. Leo nilikuwa ziwa Duluti hapa Tengeru, saa kumi na mbili na nusu nipo chini ya miti. Mdiria wawili, dume na jike, nimehakikisha kwa mistari. Mnandi wanne. Na kereng'ende wa bluu waliojipanga kwenye mzizi mmoja uliozama nusu, niliwahesabu kumi na moja. Miaka yote napita pale sikuwahi kuinamisha kichwa kuangalia ule mzizi.

---

Mama Duka Igombe

Mrejesho wakuu. Tumeenda. Wavuvi walituonesha mahali salama, wakampa mwanangu kiti cha ndoo. Mwanzo alikuwa anajifunika uso kwa ajili ya vidudu, baadae akamwona buibui akasahau uoga wote. Maganda ya kereng'ende amepata matatu, ameyaweka kwenye kopo la mafuta ya kujipaka na hataki mtu aguse. Akaja mdiria akatua kwenye kamba ya mtumbwi, karibu sana na sisi. Mtoto akaninong'oneza, "Mama, mstari wake umekatika. Ni jike." Akaandika mwenyewe kwenye daftari.

---

Mjukuu wa Mvuvi

Jike kabisa! Mpe hongera zangu mtafiti. Dada mwezi ujao ukishaandama, hesabu siku nne tano, usiku mtundikeni shuka jeupe nyuma ya duka mwashe tochi nyuma yake. Mwacheni ahesabu aina, sio idadi, idadi hataiweza. Asubuhi yake msifagie mapema, subirini muone nani anakuja kuokota.